Tupeni ukurasa wa hadithi fupi, na mtuambie mlichokata

Kwako Mhariri,

Naandika kuhusu watu wanaotaka kuandika hadithi za Kiswahili na wanaogopa, na najua ni wengi manake nakaa nao. Tuko na kikundi kidogo hapa Nakuru, tunakutana Jumamosi tunasomeana, na karibu kila mgeni akija anaanza na maneno yale yale: mimi siwezi, Kiswahili changu si cha Pwani, hii nimeandika tu msinicheke. Ukimwambia asome anasoma mbio mbio, na akifika mwisho anakunja karatasi kabla mtu hajafungua mdomo.

Uoga huu umetoka wapi? Mimi nasema kwa kiasi kikubwa umetoka kwa insha. Sisi tuliofanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla haijazikwa 2023 tunaijua hiyo maneno, unaandika dakika 40, unasahihishwa juu ya 40, na zile za mazoezi darasani zinarudi na namba nyekundu pale juu na basi. Aliyepata 38 anasomewa darasa zima, aliyepata 19 anaambiwa ajitahidi. Ajitahidi wapi sasa? Hakuna aliyemwambia. Miaka imepita, yule wa 19 saa hii ako kazini, ana watoto, ana stori kichwani ambazo akikusimulia kwa mdomo unasahau chai yako inapoa, lakini akishika kalamu anaiona ile namba.

Na msidhani yule wa 38 alipona. Huyo tulimfunza kwamba kila mtu huamka majogoo yakiwika, hupiga mswaki, hustaftahi, hushika tariki guu mosi guu pili, na akihuzunika machozi humtiririka njia mbili mbili, halafu kila aya lazima iwe na methali. Leo anataka kuandika kuhusu mama mboga aliyevunjiwa kibanda na askari wa kaunti, na yule mama pia anaamka na majogoo, anashika tariki, analia njia mbili mbili, na hatumwoni hata kidogo, hatujui sura yake, hatujui ana deni la nani. Mwandishi mwenyewe anahisi kuna kitu kimekufa hapo ila hajui ni nini, na kwa vile alizoea kusifiwa anaona aibu kuuliza. Nimeona hawa wakiacha kuandika haraka kuliko wale wa 19, inaniuma sana.

Kwa hivyo kwenye kikundi tulikubaliana neno "nzuri sana" halitumiki, wala "kazi safi", wala zile emoji za makofi kwenye wotsapu. Ukisikiliza hadithi ya mwenzako kazi yako ni kusema ulichoka wapi, wapi hukujua nani anaongea, na wapi ulitaka kujua zaidi ukanyimwa. Hakuna namba. Kuna dada alileta hadithi ya matanga, ukurasa mzima watu wanalia tu, na mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Binti yangu, hawa watu wote wanapikiwa na nani?" Alirudi baadaye na hadithi ile ile lakini sasa tuko nyuma ya nyumba, kuna sufuria za kuazima zimeandikwa majina kwa rangi, shangazi wawili wamenuniana juu ya mchele, na mjane anaitwa kila dakika kuulizwa chumvi iko wapi. Hakuna mtu alilia kwenye hiyo hadithi na sisi wasikilizaji ndo tulilia.

Kusoma kwa sauti nako kunasaidia kuliko watu wanavyofikiria. Mtu anaandika alienda, alifika, aliketi, alisema, alijibu, inasikika kama taarifa ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kumbe huyo huyo akisimulia kwa mdomo anasema akaenda akafika akaketi bila kufunzwa na mtu, na mambo yanatembea. Akijisikia mwenyewe anarekebisha hata kabla hajaambiwa.

Sisemi shaka inaisha, haiishi. Lakini nimeona inavyobadilika. Mtu aliyekuja akisema "mimi siwezi" baada ya muda anasema "haya mazungumzo ya ukurasa wa pili yamekuwa marefu", na hilo la pili mtu anaweza kulifanyia kazi leo jioni akitoka kazini.

Na kwa wale wa Kiswahili si cha Pwani, jamani, Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria huko, na 1971 akatoa riwaya ya Rosa Mistika, mpaka leo watu wanabishana juu yake. Ken Walibora wetu alikuwa mtu wa bara, na nani aliyesoma sekondari Kenya hii hakuisikia riwaya yake Siku Njema? Kwa wale wanaosema nimechelewa nimeshafika thelathini na kitu, mwandishi Abdulrazak Gurnah alizaliwa 1948 na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, hesabuni wenyewe, na Nobel ya fasihi ilikuja 2021.

Sasa Mhariri hapa ndo nakuja kwako. Muhammed Said Abdulla, yule aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya zake, alikuwa mtu wa magazeti kule Zanzibar, na Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 kabla ya kutolewa kama kitabu 1960. Yaani kulikuwa na mahali pa kupeleka, na mtu mwenye kazi ya kusoma. Leo tuzo zipo, tunashukuru, ile ya Safal-Cornell inataka Kiswahili chetu, lakini anayeanza hawezi kurukia mswada mzima wa riwaya wakati hajawahi kusomwa hata kurasa tatu.

Ombi langu ni ukurasa mmoja kwa wiki wa hadithi fupi za watu ambao hawajawahi kuchapishwa, na chini ya kila hadithi mistari mitatu minne ya mhariri akieleza alikata nini na kwa nini. Hiyo mistari ndo muhimu kwangu kuliko hata hadithi yenyewe, manake wale wote wanaoogopa kutuma watakuwa wanaisoma na kurudi kwa zao. Na zile mtakazokataa, hata sentensi moja tu kwa imeili, "nilipotea pale kaka anaporudi nyumbani", inatosha. Kimya ndo kinaua watu.

Najua ni kazi na najua mko wachache. Sisi wa Nakuru tuko tayari kusaidia kusoma mzigo wa kwanza bila malipo, mtuambie tu tuzipate vipi.

Msomaji wako,
Nakuru