Barua kwa Mwanangu: Limfosaiti Zilizopungua

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini enzi za korona nilikuwa nikirudi kutoka maabara ukinisalimu naitikia kwa kichwa tu. Nikasingizia uchovu. Sasa nawe unajifunza kutumia hadubini, kwa hiyo utanielewa.

Limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu za kinga, unazijua: kiini cha duara, zambarau iliyoiva, kimejaa chembe karibu yote, kikaacha ukingo mwembamba wa samawati. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 1,000 na 4,000 hivi katika mikrolita moja ya damu. Kwa wagonjwa waliokuwa wakizidiwa, mashine ilinitolea 700, kesho yake 500. Nikiweka slaidi kuhakikisha, nilikuwa nasogeza na kusogeza nikizitafuta, nakutana na nyutrofili tu, aina nyingine ya chembe nyeupe, viini vyao vimekatika vipande vipande. Watu wote walitaka kujua jambo moja, ana korona au hana. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye hesabu za chembe hizo za aina mbili, kwa sababu nyutrofili zikipanda huku limfosaiti zikishuka siku hadi siku, nilijua mgonjwa yule ana kazi nzito.

Zilikuwa zinakwenda wapi? Usikimbilie kusema kirusi kiliziua, kama VVU vinavyoziangamiza seli za CD4, ambazo nazo ni limfosaiti. Kirusi cha MERS, ndugu yake wa jamii ya korona, kimeonekana maabara kikiziingia limfosaiti T, aina mojawapo ya limfosaiti. Hiki cha UVIKO-19 huingia kwa mlango uitwao ACE2, nao limfosaiti karibu hazina. Limfosaiti nyingine huhamia kwenye mapafu, huko kwenye vita, nyingine hujiua zenyewe ndani ya mafuriko ya saitokini, zile kemikali za kinga za kupeana ujumbe. (Ndiyo, seli hujiua, na kwa utaratibu maalumu. Hilo utalisoma mbele.)

Zilizonishangaza zaidi ni monosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine. Kazi yao ni kumeza. Zikikimeza kirusi kilichokwisha kubandikwa kingamwili, kinaanza kujinakili humo ndani na hakifiki mbali, ila monosaiti yenyewe inapasuka na kumwaga kila kilichomo. Kirusi kimekwama, lakini moto umeongezewa kuni.

Ukilishika hilo, hutashangaa kwamba dawa iliyookoa wengi mwaka 2020 haikuwa ya kuua kirusi. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya miaka mingi ya kutuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Siku za mwanzo kinga unaihitaji yote, na kirusi hiki kina ujanja wa kuchelewesha interferoni, ile kengele ya kwanza ya mwili. Baadaye kinga hiyohiyo inabidi itulizwe.

Limfosaiti zinazobaki nazo hazisahau. Waliougua SARS, ugonjwa wa ndugu mwingine wa kirusi hiki, mwaka 2003 walipimwa miaka 17 baadaye, wakakutwa bado wana limfosaiti T zinazokitambua kirusi kile.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye sikuwahi kumwona uso, namjua kwa namba ya kichupa tu. Alianza na 480. Ikaja 610, halafu 900. Asubuhi moja mashine ikaandika 1,350, nikaweka slaidi na kuzihesabu mwenyewe kwa macho, moja moja, ingawa hakuna aliyeniagiza. Jioni hiyo uliponisalimu mlangoni nilikuitikia kwa sauti, nawe ukauliza, "Kwani leo kuna nini?"

Mzazi wako