Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Tanga

Mama zangu na dada zangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Mahesabu nimemwachia mtunza hazina, nisije nikakosea kujumlisha kama mwaka jana mkanicheka.

Mwaka huu tumehangaika zaidi na karatasi moja: muhtasari. Mjane akienda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, huulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Wanaokaa kikao ni mashemeji, na ndio haohao waliotangaza msibani kwamba "yeye ndiye aliyemletea", yaani yeye ndiye aliyemwambukiza marehemu VVU. Mwenzetu wa Makorora walimzungusha tangu Rajabu hadi Shawali, kitasa cha nyumba kimeshabadilishwa. Thumni yake, fungu la nane la mirathi ya mumewe, imo ndani ya Kurani, na kila shemeji aijua hiyo aya. Ilibidi twende na msaidizi wa kisheria, tukakae na shekhe wa mtaa, ndipo saini zikapatikana.

Hilo neno "aliyemletea" ndilo linaloniudhi. Mwanamke hupimwa kliniki ya wajawazito, basi yeye ndiye hujua mwanzo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka amweleze mwenziwe mara moja. Akisema, ndiye mleta ugonjwa, na pengine talaka. Akinyamaza, vidonge vya kufubaza virusi anavificha ndani ya debe la mchele, na siku mkwe akija kukaa, dozi inakatika. Nani alitangulia kuambukizwa, kipimo hakisemi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wa miaka 15 na zaidi. Wanaume ni asilimia 3.0. Anayesema ni uhuni wetu akumbuke kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubali kwamba hilo linapingana na Katiba. Binti huyo atamwambia nini mume wa miaka arobaini juu ya kondomu?

Tulikoshindwa ni kwenye siri. Majibu ya mwenzetu yalivuja zahanati fulani. Sheria inakataza, lakini aliogopa kushtaki asije akajulikana zaidi. Na humu ndani pia, jamani, maneno yametoka. Mnaelewa.

Kamati inaomba watu watatu wa kuwasindikiza wajane mahakamani kila Jumatatu. Nauli ipo. Majina mpeni katibu kabla ya chai.