Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: njoo uione pishi

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mchumaji wa karafuu hapa Pemba, mama wa watoto wanaokula kwa pishi, kile chombo cha kupimia karafuu tunacholipwa kwacho. Kabla ya msimu ulitukusanya ukatuahidi kwamba pishi zote zitakaguliwa. Karafuu zimeshajaa majamvini, mkaguzi hatujamwona.

Juzi magharibi, nilipomaliza kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, nilipeleka zangu kupimiwa. Tajiri akajaza pishi, akaitikisa, akashindilia kwa kiganja, akaongeza mpaka zikasimama mlima na kumwagika. Zilizomwagika si zangu tena. Nikamwambia, "Baba, pishi ni ya mfuto, isawazishwe mdomoni." Akanijibu nisipotaka, kesho nisipande mkarafuu wake. Ujira wenyewe nikaambiwa nichukue mchele dukani kwake, nao ukapimwa kwa mizani ambayo sahani haijatulia keshauondoa.

Sote tumesomeshwa Suratul Mutaffifin chuoni. Ole wao wapunjao: wakijipimia kwa watu hutaka kamili, wakiwapimia watu hupunguza. Nimeyaona yote mawili kwa mtu mmoja, jioni moja!

Sikuombi upandishe bei ya pishi. Mtume (S.A.W.) aliombwa apange bei Madina zilipopanda, akakataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji bei, naye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma. Lakini huyohuyo alipita penye chungu ya nafaka akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji, akamuuliza mwenye mali kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Ndiyo maana miji ya Waislamu ikawa na muhtasib, kazi yake kuzunguka sokoni akikagua mizani na vipimo. Hayo ndiyo uliyotuahidi, Mheshimiwa, wala hukulazimishwa.

Kwa nini wakaguzi hawaji? Nahisi ni kwa kuwa wanaotupunja ndio wanaotukopesha, na tukishitaki tutakosa pa kukopa, basi kila mtu kanyamaza. Huenda hata hukuambiwa. Sasa nimekwambia.

Njoo wewe mwenyewe, usitume mtu. Njoo magharibi, watu wanapopimiwa. Njoo na pishi iliyokaguliwa, uiweke karibu na ya tajiri, karafuu za pishi moja uzimimine katika nyingine mbele yetu. Njoo kabla msimu haujesha.

Mchumaji wako,
Pemba