Upanga unaofuata mkono si kiini macho

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ya msomaji mwenzangu, aliyedai kwamba michezo ya video inayomtaka mchezaji apunge mkono badala ya kubonyeza vitufe ni kiini macho cha kuuzia mitambo. Kwa michezo mingi dai hilo lina ukweli: katika Twilight Princess ya mwaka 2006, kutikisa rimoti ya Wii, mtambo wa michezo wa kampuni ya Nintendo, kulikuwa sawa na kubonyeza kitufe, kwa sababu upanga haukujali mkono umeelekea wapi. Lakini kuupima kwa kipimo hicho mchezo wa The Legend of Zelda: Skyward Sword, uliotoka mwaka 2011, ni kuuonea.

Mchezo huo haukuchezeka bila Wii MotionPlus, nyongeza ya rimoti yenye jairoskopu, yaani kihisi kinachopima jinsi rimoti inavyogeuzwa, na kwa hiyo upanga wa Link, shujaa wa mchezo, hufuata mkono wa mchezaji hata kabla hajapiga. Mmea uitwao Deku Baba hufumbua kinywa mara kwa wima, mara kwa ulalo, na asiyekata kwa kufuata mwanya huo hapati kitu. Ghirahim, adui mkubwa wa kwanza, humjia mchezaji polepole akiwa ameinua mkono, akiufuatisha upanga uendako, na ukimpiga kutoka upande ule ule huudaka kwa vidole. Dawa yake ni kumhadaa: unaupeleka upanga upande mmoja taratibu hadi mkono wake ufuate, kisha unahamia wa pili ghafla na kukata. Hila hiyo kitufe kimoja cha kupigia hakiwezi kuibeba.

Bomu nalo hurushwa mkono ukiwa juu, na huviringishwa chini kama tufe mkono ukishushwa, jambo linaloamua kama litapita kwenye tundu la ukutani au la. Sina utetezi wa namna hiyo kwa kuogelea, wala kwa kumwongoza yule ndege mkubwa wa kupanda. Huko kuinamisha rimoti hakuongezi lolote ambalo kijiti cha kawaida cha kuelekezea kwa kidole gumba kisingelifanya, tena kwa raha zaidi.

Lawama ninayoiona ya haki ni nyingine, na msomaji mwenzangu hakuigusa. Toleo la 2011 halikumpa njia mbadala mtu mwenye maumivu ya kiwiko au udhaifu wa mkono. Hata mashoto, ambao kwa miaka mingi walijivunia kwamba Link naye ni shoto mwenzao, walimkuta amegeuzwa kuwa wa kulia, bila chaguo la kumrudisha.

Toleo la Nintendo Switch, mtambo wa baadaye wa kampuni hiyo, la Julai 2021, liliruhusu upanga uongozwe kwa kijiti cha kulia: ukikisukuma kushoto, upanga hukata kuelekea kushoto. Gharama yake ni kwamba kamera haizungushwi kwa kijiti hicho mpaka ushikilie kitufe cha L. Hata hivyo Deku Baba na Ghirahim walibaki na mitego yao ile ile, kwa kuwa kinachoamua pigo ni mwelekeo wake, uwe umetoka begani au kwenye kidole gumba.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa safu yako ya michezo ya video, atakapochambua mchezo mwingine wa aina hii, atueleze kama mwelekeo wa mkono unabadilisha matokeo, na kama asiyeweza kuupunga amewekewa njia yake.

Msomaji wako,
Mombasa