Homoni ya Thairoidi Inapopungua: Kwa Nini Tunapima Damu Kwanza

Wateja wengi wanaofika maabara yetu kupima wingi wa damu huwa wamechoka kwa miezi kadhaa, wanaona baridi wakati wenzao wanatokwa jasho, wanafunga choo, na wananenepa ingawa hawali sana. Damu inapoonekana ya kutosha, sisi huwashauri wazungumze na daktari kuhusu tezi ya thairoidi.

Tezi hiyo, iliyo mbele ya shingo chini ya kikoromeo, hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, ambayo mtu mzima huyahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Homoni hiyo ndiyo inayoziamuru seli zitumie chakula kuzalisha nguvu na joto, kwa hiyo ikipungua mwili wote hupoa: moyo hupiga taratibu, utumbo husukuma polepole, ngozi hukauka, hata fikra huwa nzito. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hung'amua upungufu huo na kumwaga nyingi zaidi ya homoni yake iitwayo TSH ili kuihimiza thairoidi, nayo ikihimizwa muda mrefu huvimba na kuwa rovu. Chumvi yenye madini joto imepunguza sana rovu katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, lakini hata anayeitumia kila siku anaweza kuugua, pale kinga ya mwili wake inapoishambulia tezi yenyewe.

Kwa sababu hiyo tunapendelea TSH ipimwe pamoja na T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe iliyo tayari kutumika katika damu. TSH ikiwa juu na T4 chini, thairoidi yenyewe imeshindwa. T4 ikiwa chini bila TSH kupanda, huenda kasoro iko kwenye pituitari. Tunawasihi msinunue dawa kwa kutazama rovu pekee, kwani rovu humtokea pia mtu ambaye homoni yake imezidi, na kumwongezea nyingine ni kuuhatarisha moyo wake. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini atujulishe kabla ya kutolewa damu, maana huweza kupotosha majibu.

Aliyeandikiwa levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni ya thairoidi, huimeza kwa maji, angalau nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu huvitenga nayo kwa saa 4. Hurudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa TSH huchelewa kutulia. Mjamzito asisubiri hivyo: hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya ujauzito, kwani katika miezi ya mwanzo, ubongo unapojengwa, mtoto hutegemea homoni ya mama yake.