Ukinunua nyumba yenye wapangaji, ulizia kodi iliyokwisha kuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wastaafu wenzangu, na watumishi wanaokaribia kustaafu, ambao wakikishika tu kiinua mgongo wazo la kwanza ni nyumba ya kupangisha hapa Dodoma. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia huku kwa dhati, tumekuwa tukiambiwa kwamba nyumba Dodoma haikosi mpangaji. Niliamini, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila yapo ambayo dalali hayasemi, na mojawapo limeniumiza.

Nilinunua nyumba Nkuhungu, vyumba sita vya kupanga, wapangaji wakiwamo ndani. Sikukurupuka. Nilikwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati, nikaona jina la muuzaji ndilo lililosajiliwa na hakuna benki inayoishikilia. Mkewe alisaini ridhaa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuiuza nyumba ya familia kimyakimya. Wakili alikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Nikalipa.

Mwisho wa mwezi nikapita kuchukua kodi. Wapangaji wanne kati ya sita wakaniambia wameshalipa ya mwaka mzima, miezi miwili tu kabla ya mauziano. Piga hesabu: 70,000 kwa mwezi, miezi 10 iliyobaki, watu wanne. Ni 2,800,000 alizoziweka muuzaji mfukoni, kisha akaniuzia nyumba kwa bei ya nyumba inayoingiza kodi. Simu yake ikawa haipokelewi. Dalali akasema kazi yake ilikuwa kutukutanisha.

Wapo walionishauri nibadilishe kufuli. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Dada wa chumba cha pili, anayeuza chakula cha mchana, alinitolea mkataba na risiti kutoka kwenye bahasha ya kaki aliyoitunza chini ya godoro. Alilipa kihalali, kwa mtu aliyekuwa mwenye nyumba siku hiyo. Kosa lake ni lipi? Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya lipo, lakini wa kumpeleka huko ni muuzaji, si yeye.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kununua, kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi, kaa na kila mpangaji, mmoja mmoja, muuzaji asiwepo. Muulize amelipa hadi lini, tazama mkataba, tazama risiti. Andika orodha, muuzaji na wapangaji waisaini, na kodi ya miezi ambayo haijafika ikatwe kwenye bei. Mchana mmoja unatosha kwa kazi hiyo.

Na hapa ndipo ninapotaka wenye nyumba wenzangu wanisikilize, hata kama hawatapenda. Mtindo huu wa kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo unatuumiza na sisi. Mpangaji anakopa ili aingie, hilo kila mtu analijua. Lakini hela ya mwaka ikiingia kwa siku moja, inakwenda kwenye ada za watoto na msiba wa kijijini, na shimo la choo likijaa mwezi wa nane huna hata ya kuita gari la kunyonya. Mimi yamenikuta. Wapangaji walikaa siku tano na harufu ile, nikiwa nahangaika kukopa, na aibu ile bado ninayo.

Maji nayo uyakague. Visima vingi vya hapa vina chumvi. Mabomba na koki huota ukoko mweupe, na koki uliyofunga juzi leo imeganda. Usinunue nyumba bila kufungua kila koki mwenyewe. Tazama pia nyufa za kuta, na uulize kila ufa umeanza lini.

Umeme ni chanzo kingine cha ugomvi. Vyumba sita kwa mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana yake mwenye friji na mwenye taa moja wanachangia sawa, na kila wiki utaitwa kuamua. Tena kodi ya majengo inakatwa humohumo unaponunua umeme, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa yeye, mrudishie au punguza kwenye pango lake, usingoje akukumbushe. Kama nyumba ina mita zaidi ya moja, hakikisha mita moja tu ndiyo inayokatwa.

Kuhusu vyumba kukaa vitupu, nitasema kidogo tu. Anayenunua Ng'ong'ona kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ajipange kwa likizo ndefu. Anayetegemea watumishi wa wizara zilizoko Mtumba ajue kwamba wengi wana viwanja tayari, na wakishaezeka wanahama.

Ombi langu kwa viongozi wa mitaa ya Jiji: mnapoitwa kushuhudia mauziano ya nyumba yenye wapangaji, msisaini mpaka orodha ya kodi zilizolipwa iwe mezani. Mnawajua wakazi wenu kuliko sisi wanunuzi, na mngewaita wapangaji kabla fedha haijabadilisha mikono, mimi na muuzaji tungemalizana palepale.

Mkataba wa dada wa chumba cha pili unaisha Machi. Tumekubaliana aanze kulipa kila baada ya miezi mitatu, kwa risiti, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Muuguzi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma