Msisugue matoazi kama dele la kahawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na vijana wanaotunza vyombo vya muziki, hasa matoazi, zile sahani za shaba za kugongwa, makanisani, mashuleni na kwenye vikundi vya matarumbeta.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilikwenda kanisani kwetu, hapa Chumbageni, kusikiliza mazoezi ya kwaya. Vijana wawili wakanipokea mlangoni kwa furaha. "Shikamoo babu! Njoo uone yalivyotakata!" Walikuwa wamelishusha toazi kubwa la inchi 20, lile tunaloliita raidi, pamoja na jozi ya haihati, yale mawili yanayogonganishwa kwa kanyagio la mguu, wakayasugua asubuhi nzima kwa ndimu, jivu na stilwaya. Yaling'aa kwelikweli. Niliitikia marahaba, nikachukua fimbo, nikaligonga raidi. Ule mlio wake mzito na mkavu, niliouzoea miaka mingi, haukuwepo. Ulitoka mlio mkali wa kuchoma sikio. Nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mikwaruzo imekatiza huku na huku, na chapa ya mtengenezaji imefutika.

Sikuwagombeza. Walifanya walichokiona majumbani. Sisi wa Pwani tumekua tukiona dele la kahawa likisuguliwa kwa ndimu na jivu mpaka unajiona uso. Lakini dele halidaiwi sauti. Likipungua unene kidogo, kahawa ni ileile. Toazi zuri mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 80 na bati sehemu 20, madini yaleyale ya kengele. Ukilitazama kwa karibu utaona mifereji myembamba imelizunguka kutoka katikati hadi ukingoni. Hiyo si pambo. Fundi huikata kwa chuma kikali toazi likizungushwa, na ndiyo sehemu ya sauti yake. Stilwaya inapopita kukatiza mifereji hiyo, inakula kazi ya fundi, na hakuna duka Tanga nzima litakalokuuzia kazi hiyo irudi.

Raidi lenyewe ni la Zildjian, ukoo ulioanza kufua matoazi Constantinople mwaka 1623 na ambao sasa kiwanda chake kiko Marekani. Vijana wetu walijitahidi kulitakatisha kwa asubuhi moja, na nia yao ilikuwa njema. Ndiyo maana naandika.

Nimepiga dramu tangu 1979, kwanza katika bendi ya dansi, halafu kanisani, na muda wote huo nimeishi na upepo wa bahari. Rangi ya hudhurungi inayolifunika toazi si ugonjwa. Inatuliza mlio, na mimi naipenda. Kinachodhuru ni jasho la vidole, chumvi na vumbi. Hivyo vikikaa, huota ile kutu ya kijani, hasa karibu na kitovu, mahali ambapo watu hawapangusi.

Dawa yake ni nyepesi. Lifungue toazi kwenye stendi. Chukua beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sponji laini, ule upande usio na makwaruzo. Pangusa kwa kuzunguka, ukifuata mifereji. Suuza kwa maji mengi, kisha ukaushe hapohapo pande zote mbili kwa khanga kuukuu. Usiliache likauke lenyewe. Kwenye doa la kijani, weka siki iliyochanganywa na maji kwa dakika chache tu, halafu suuza sana. Vijana wetu hawakuisuuza ndimu vizuri. Wiki ya tatu madoa ya kijani yakarudi, mengi kuliko yale ya kwanza. Mashine ya kung'arishia vyuma nayo msiipeleke karibu. Joto lake linaweza kulilegeza toazi, na likilegea halirudi. Na baada ya ibada msilifunge kwenye mfuko wa nailoni, litatoa jasho humo. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hata kutu. Matoazi mengi ninayoletewa nitazame yamekufa kwa tundu la katikati. Ule mrija wa plastiki unaovishwa chuma cha stendi umepotea, toazi linasuguana na chuma kitupu, tundu linapanuka kama tundu la ufunguo, mwisho unatokea ufa. Kateni kipande cha mrija wa plastiki mvishe chuma hicho, na chini yake wekeni duara lililokatwa kwenye kandambili iliyochakaa. Nati msiikaze mpaka mwisho, maana toazi lazima licheze. Ufa ukishaanza, toboeni kitundu kidogo kwa keke pale unapoishia, ili ufa usiendelee mbele.

Krashi letu, toazi jingine la inchi 16, halikuguswa siku ile, kwa sababu stilwaya iliisha. Bado lina rangi yake ya asali iliyoungua, na kijani kidogo kitovuni. Nimewaambia vijana tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi, waje na beseni na khanga. Raidi tutaliacha lipumzike. Nadhani rangi itarudi baada ya miaka kadhaa, ila mikwaruzo itabaki.

Mpiga dramu wa zamani,
Chumbageni, Tanga